Choki ya shotigani ikigoma kutoka: namna ninavyoikagua, kuitoa na kuamua kama inafaa tena

Jumapili moja ya Januari, rafiki yangu mzaliwa wa Lubumbashi alisimamisha gari mbele ya gereji yangu hapa Houston, akafungua buti, akatoa mtutu wa shotigani uliofungwa taulo. Mkono wa pili alikuwa na spana ya bomba, ile kubwa yenye meno. "Yaya," akaniambia, yaani ndugu mkubwa kwa Kiswahili cha kwao, "hii kintu inakatala kutoka." Kintu chenyewe kilikuwa choki, kile kimrija cha chuma kinachofungwa mdomoni mwa mtutu. Siku moja kabla alikuwa kwenye ghuba ya Matagorda akiwinda bata, maji ya chumvi na matope hadi magotini, na sasa choki ilikuwa imegandia mdomoni mwa mtutu kana kwamba imechomelewa. Niliichukua ile spana mkononi mwake kabla hata hatujaulizana habari za watoto.

Spana ile ingemaliza kila kitu. Mdomo wa mtutu wa shotigani ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani, na choki yenyewe, kule nyuma inakoishia, ni nyembamba kuliko sarafu. Ukiibana kwa meno inabonyea, ikibonyea inazidi kuushika mtutu, na nguvu unayoongeza yote inaishia kuharibu kile ambacho bado kilikuwa kizima.

Mimi kazi yangu ni kukata hesi, ile mifereji ya kuzunguka kama ya skrubu. Nilianza Tanga nikiwa kijana, kwenye karakana ambako mzee aliyenifundisha alinikataza kushika spana kabla sijaizungusha nati kwa vidole. Leo nakata hesi za mabomba ya visima vya mafuta. Bomba la kisima na choki ya bunduki ni ndugu wa damu: vyote ni mirija yenye hesi, vyote vinabeba shinikizo kubwa, na vyote huharibiwa na uchafu, ukavu na haraka ya mtu. Kwa hiyo wenzangu tunaowinda nao wameniletea choki nyingi, na ninachotaka kuwaambia ni hiki: choki nzima hutoka kwa vidole, au kwa spana yake ndogo bila kukunja uso. Siku ikigoma, kuna jambo limetokea ndani ya mtutu. Lijue hilo jambo kwanza, ndipo uanze kuitoa, na usipige hata risasi moja mpaka ujue kama ugonjwa uko kwenye choki au uko kwenye mtutu.

Kwa wale ambao choki kwao ni kile kidude cha taa ya tyubu, hapa nazungumzia mrija mfupi wa chuma, urefu wa kidole hivi, unaofungwa kwa hesi ndani ya mdomo wa mtutu. Unaliminya kundi la marisau, vile vipunje vya madini vinavyojaa ndani ya risasi ya shotigani, linapotoka ili lisitawanyike mapema. Mtutu wa geji 12 una upana wa ndani wa karibu milimita 18.5; namba ya geji ikipanda, mtutu unakuwa mwembamba zaidi. Choki iliyoandikwa C (Cylinder) haibani chochote. IC (Improved Cylinder) inabana kama robo milimita, M (Modified) nusu milimita, na F (Full) karibu milimita moja. Kipimo cha wawindaji tangu zamani ni duara la inchi 30 kwa umbali wa yadi 40: F huingiza humo kama asilimia 70 ya marisau, M 60, IC 50, C 40. Tafakari hapo. Tofauti yote kati ya choki inayotawanya kabisa na inayokusanya kabisa ni milimita moja tu. Ndiyo maana kibonyeo ambacho kwenye bomba la maji usingekijali, kwenye choki kinahesabika.

Choki nyingi zina mikato midogo kwenye ukingo wa mbele. Kwa watengenezaji wengi mkato mmoja ni F, mitatu ni M, minne ni IC, mitano ni C. Maandishi ya ubavuni ndiyo ya kuaminiwa zaidi, na huko ndiko utakapoona pia kama choki yako imekatazwa marisau ya chuma.

Hapa lugha yetu inatutega. Kiswahili kinaita risasi ile inayotoka kwenye bunduki, na kinaita risasi yale madini laini ya kijivu, kwa sababu kwa karne nyingi vilikuwa kitu kimoja. Sasa si kimoja. Tangu 1991, Marekani nzima, kuwinda bata na bata bukini kwa marisau ya madini ya risasi ni marufuku, kwa kuwa ndege waliyameza chini ya maji wakafa kwa sumu. Tunatumia ya chuma. Marisau ya risasi yakifika kwenye choki iliyobana hubonyea na kupita. Ya chuma hayabonyei. Kitu kinachopaswa kusogea hapo ni choki, nayo inasogea kwenda nje: inavimba pete, kama nyoka aliyemeza yai, na uvimbe huo unaangukia palepale penye hesi. Rafiki yangu alipiga marisau makubwa ya chuma kupitia choki ya F siku nzima. Chumvi ya bahari ikaja juu yake.

Kabla ya mkono kugusa choki

Fungua chemba, yaani nyumba ya risasi kule nyuma ya mtutu, chungulia, ingiza kidole, chungulia tena. Angalia na magazini, zinakokaa risasi za akiba. Peleka risasi zote chumba kingine. Kisha uvue mtutu kabisa kutoka kwenye bunduki. Shotigani karibu zote za kisasa zinaruhusu hilo kwa dakika moja. Mtu akiniletea bunduki ikiwa imeungana, kazi yangu ya kwanza ni kuuvua mtutu mbele ya macho yake, hata kama ameapa kwamba haina kitu. Sitaki uso wa mtu yeyote uwe mbele ya mdomo wa bunduki nzima, na kazi ya choki yote hufanyika mbele ya mdomo.

Halafu muulize mwenye bunduki, au jiulize mwenyewe. Choki hii ilitoka lini mara ya mwisho? Ulipiga marisau gani? Kuna mlio wowote uliosikika dhaifu, kama puu, badala ya mlio wa kawaida? Hilo swali la mwisho usiliruke. Risasi iliyolia puu huenda iliacha kikombe chake cha plastiki, kile kinachobeba marisau, katikati ya mtutu, na risasi iliyofuata ikakigonga. Matope na kitambaa cha kusafishia kilichosahaulika hufanya vivyo hivyo. Na kuna lile kosa baya kuliko yote, la risasi ya geji 20 kuponyoka ikaingia kwenye bunduki ya geji 12: inateleza, inakwama mbele ya chemba, wewe unaona chemba tupu, unaweka ya 12 nyuma yake. Risasi za geji 20 hutengenezwa za rangi ya manjano ili jicho lizikatae mapema. Usizichanganye mfuko mmoja, hata kwa safari fupi.

Baada ya maswali, mwanga. Simamisha karatasi nyeupe ukutani, iangazie kwa tochi, na uitazame kupitia mtutu ukianzia upande wa chemba. Ndani ya mtutu mzima utaona miduara ya mwanga iliyopangana vizuri, mmoja ndani ya mwingine, kama pete za shina la mti. Zungusha mtutu polepole. Ukiona pete nyeusi, kivuli kinachokaa palepale hata ukizungusha, hapo pamevimba. Ukiona miduara ya mbele imeegemea upande mmoja, choki imekaa mshazari, aidha ilifungwa ikiwa imevuka hesi au imepinda.

Kisha vidole. Futa mafuta, shika mtutu kati ya kidole gumba na cha shahada kama sentimita 25 kutoka mdomoni, fumba macho, teleza polepole kuelekea mbele. Vidole vinahisi uvimbe ambao macho yanaupita. Laza rula ya chuma ubavuni mwa mtutu, uitazame dhidi ya dirisha. Mwanga ukipenya chini ya rula upande huu na ule na kukatika katikati, umepata kilima. Mwenye venia, kile kipimio chenye taya mbili, apime kipenyo cha nje cha mdomo mara mbili, mara ya pili akiwa ameizungusha robo duara. Mdomo mzima ni mviringo, kwa hiyo vipimo viwili vinalingana.

Ukipata uvimbe kwenye mtutu wenyewe, acha hapohapo. Hiyo si kazi ya gereji tena, ni ya fundi bunduki mwenye leseni. Yeye ataamua kama mtutu utakatwa na kukatwa hesi upya, au utatupwa. Kwa ndugu walioko Tanzania na Kenya hili lina uzito wa ziada, maana bunduki ni mali ya kibali na si kila karakana inaruhusiwa kuigusa. Kubadilisha choki kwa vidole ni matunzo. Kuchonga mtutu ni jambo jingine kabisa.

Mtutu wa rafiki yangu nje ulikuwa laini kama kioo. Ndani, kivuli cha pete kilikuwepo, chembamba, ndani ya choki tu. Nikamwambia choki imekufa lakini mtutu huenda umepona, tusiuue sisi.

Kuitoa

Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ya jemu au ya siagi ya karanga. Weka mafuta ya kupenya kutu kiasi cha kufunika choki yote na sentimita mbili zaidi. Simamisha mtutu mdomo chini ndani ya chupa, uuegemeze konani usianguke, na uache usiku na mchana. Usiku na mchana wa kwanza ni mwanzo tu. Choki iliyokaa miaka mitatu bila kutolewa inaweza kutaka siku tatu. Mafuta ya taa hupenya pia, ila taratibu. Kila unapopita, ugonge mtutu kidogo kwa mpini wa bisibisi, kwa upande wa mbao si wa chuma, ili mtetemo uyasaidie mafuta kupanda kwenye hesi.

Siku ya kazi, chemsha maji. Utoe mtutu kwenye mafuta, uufute, uuzamishe mdomo kwenye sufuria ya maji yaliyochemka kwa dakika kadhaa, kisha toa na uache upoe. Rudisha kwenye mafuta ungali na uvuguvugu. Rudia mara tatu au nne. Kupata moto na kupoa kunazifanya zile vyuma mbili zitanuke na kunywea, na kila zinaponywea zinanyonya mafuta ndani. Nimeona watu wakichomeka kitambaa chenye vipande vya barafu ndani ya choki wakati mtutu ungali wa moto, ili choki inywee wakati mtutu umetanuka. Inasaidia, ingawa chuma ni chembamba na joto linasambaa upesi, kwa hiyo uwe na spana mkononi tayari.

Moto wa gesi usiuwashe. Najua mafundi wenzangu, mkono unaenda kwenye tochi ya gesi wenyewe. Kwenye bunduki za mitutu miwili, mitutu yenyewe na ile reli ya juu ya kulengea mara nyingi huunganishwa kwa lehemu laini, na lehemu ya risasi na bati huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 183 tu. Maji yanayochemka hayafiki huko hata ukiyachochea mchana kutwa. Mwali wa gesi unafika kabla hujamaliza kuvuta pumzi, na reli ikiachia umebadilisha tatizo la choki kuwa tatizo la bunduki nzima.

Jiriwa, kile kibano cha mezani, itumie kwa akili. Weka vipande viwili vya mbao vilivyochongwa mtaro wa mviringo, ndani yake ngozi au mpira wa tairi la baiskeli, na uubane mtutu karibu na chemba, ambako ukuta wake ni mnene. Usiubane mdomoni. Ukiubana mdomoni unaibana choki pia, halafu unashangaa haizunguki.

Spana iwe ile ya choki, yenye umbo la T, na iingie kwenye mikato yote kwa kina bila kucheza. Bisibisi pana lililowekwa kwenye mikato miwili litateleza, litavunja mkato, na baada ya hapo huna pa kushika. Iweke spana, igonge kwa nyundo ya plastiki kichwani, moja kwa moja kuelekea ndani, mara tano sita, si kwa hasira. Kisha, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walione: ikaze kwanza. Kidogo tu, kama unataka kuifunga zaidi. Kutu ikivunjika upande mmoja imevunjika. Ndipo ugeuze kinyume cha saa, ukiwa unautazama mdomo.

Ya rafiki yangu ililowekwa Jumapili, nikaichemsha Jumatatu usiku na tena Jumanne. Jumanne saa tatu usiku nikaikaza, nikasikia ta! ndogo, kavu, kama karanga inayopasuka kwenye chungu. Mwenzangu akaruka kunipongeza. Nikamzuia mkono. Sauti ile ina maana kutu imeachia. Haina maana kwamba njia ni nyeupe. Niliirudisha nyuma robo mzunguko, nikasimama, nikaongeza mafuta, nikaikaza tena nusu ya ile robo, nikaifungua robo mbili. Hivyo hivyo, mbele na nyuma, mpaka vidole vikaichukua. Ukisikia inalia kama mlango wa bawaba kavu, chuma kinakula chuma. Ukiendelea kusukuma utang'oa meno ya hesi na kutoka nayo. Rudi nyuma, lowesha, subiri dakika kumi. Choki za chuma kisichoshika kutu ndizo zina tabia hiyo zaidi, na watu huzinunua wakidhani hazihitaji grisi.

Ilipotoka ilikuwa na tope jeusi kwenye hesi: masizi ya baruti, kutu nyekundu ya chumvi, na utando wa plastiki iliyoyeyuka kutoka kwenye vikombe vya risasi. Inanuka kama waya ulioungua. Osha mikono kwa sabuni baada ya kushika uchafu huo, na kabla ya kula chochote, hasa kama umewahi kupiga madini ya risasi.

Na ikikataa kabisa baada ya siku tatu nne za namna hii, mpe fundi bunduki. Wapo wanaoikata kutoka ndani kwa urefu bila kugusa hesi za mtutu. Mimi kazini nina mashine ya kuchonga inayoweza kukunja ekseli ya lori, na bado hapo ndipo ninapofungasha.

Choki imetoka: itupwe au irudi kazini?

Ioshe kwa mafuta na brashi ya shaba mpaka uone chuma cheupe. Ilaze kwenye kioo, uizungushe kwa kidole sehemu yenye hesi na usikilize. Choki nzima inabingirika kimya, iliyovimba inatikisika na kugonga kioo. Pima mdomo wake na ukingo wa nyuma kwa venia, mara mbili kila mahali kwa kupishana robo duara. Tofauti ya sehemu tano za mia za milimita inanitosha kuikataa.

Ukingo wa nyuma ndio roho yake. Umekaa ndani ya mtutu na unatazamana uso kwa uso na marisau yanayokuja kwa kasi ya zaidi ya mita 350 kwa sekunde. Unatakiwa ufichwe nyuma ya ngazi ndogo ya mtutu ili marisau yasiuone. Choki ikianguka sakafuni ikabonyea hapo, au ikifungwa nusu, ukingo huo unajitokeza njiani, marisau yanaushika, na choki inapasuka au kurushwa nje pamoja na mdomo wa mtutu. Chukua kipande cha pamba, kipitishe taratibu ukingo mzima, ndani na nje. Pamba ikinasa, pana jino. Usilipige tupa. Ukilainisha jino umeufanya ukingo uwe mwembamba zaidi palepale palipoumia.

Nyufa natafuta kwa njia niliyofundishwa Tanga na ambayo haijawahi kunidanganya. Ilowe choki kwenye mafuta ya taa nusu saa. Ifute ikauke kabisa, kwa kitambaa safi, mpaka haina hata ung'avu. Saga chaki ya shule, ipake unga wake kwenye choki yote, ipulize uliozidi, iache mezani. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatarudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki, mwembamba kama unywele. Choki ya rafiki yangu ilichora mistari miwili, yote ikianzia kwenye ule uvimbe. Alinyamaza muda akiitazama. Kesho yake alikuwa na mpango wa kwenda tena.

Choki iliyovimba, kupasuka au kubonyea hainyooshwi. Mtu asikwambie ataigonga kwa kibao ikae sawa. Choki mpya ya kawaida ni bei ya pakiti chache za risasi.

Sasa hesi za mtutu. Zisugue kwa brashi ya nailoni yenye mafuta, zifute kwa kijiti chenye kitambaa, zitazame kwa tochi. Chukua choki nyingine nzima ya bunduki hiyohiyo. Iweke mdomoni, izungushe kwanza kinyume, kama unafungua, mpaka uhisi kidundo kidogo inapoangukia mwanzo wa hesi, halafu ndipo uigeuze kufunga. Kwa njia hiyo huwezi kuvusha hesi. Inapaswa kwenda mpaka mwisho kwa vidole. Ikisimama njiani, kuna taka au kuna jino lililolala. Taka utaitoa, jino ni la fundi mwenye kikata hesi cha saizi hiyo.

Kuhusu kununua nyingine: hesi kuingia haitoshi. Kila kampuni ya bunduki ina aina zake za choki. Winchoke ya Winchester, Invector ya Browning na choki za Mossberg 500 hupokezana, lakini Invector-Plus haikai kwenye mtutu wa Invector, na kwa Beretta, Mobilchoke na Optima ni familia mbili. Mitutu mingine imepanuliwa ndani kuliko ya kawaida, na choki ya mtutu mwembamba ikiingia humo, ukingo wake unabaki njiani kama kizingiti. Soma jina lililochongwa kwenye mtutu, nunua lenye jina hilo. Na usipige kabisa bunduki ikiwa haina choki ndani ukisubiri mpya ifike: plastiki na marisau vitazijaza na kuzipiga hesi zilizo wazi, na hizo zikiharibika utanunua mtutu.

Choki iliyolegea ni ugonjwa mwingine, wa polepole. Mshtuko wa kila risasi unaifungua kidogo. Kila nikimaliza pakiti ya risasi 25 naondoa risasi, nafungua chemba, naigusa choki kwa vidole. Mara nyingi imesogea. Ni sekunde kumi.

Grisi iwe ile ya shaba au nikeli ya kuzuia chuma kula chuma. Kwenye mabomba ya mafuta tunaipaka kwa brashi kama rangi. Kwenye choki chukua kiasi cha punje ya mchele, isambaze kwenye hesi mpaka zionekane zimelowa tu. Ikizidi inakusanya mchanga. Yale mafuta ya kupenya ya kwenye kopo la kupuliza yasiachwe kuwa grisi, yanakauka. Ukitoka maji ya chumvi, choki itoke usiku uleule, kabla ya kuoga wewe, ioshwe kwa maji baridi, ikaushwe, ipakwe, irudi. Ukiweka bunduki kabatini kwa msimu, itoe kila mwezi mmoja na uirudishe.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda uwanja wa kulenga na choki mpya ya M, inayoruhusu chuma. Tukatundika karatasi kubwa kwa yadi 40, tukapiga mara moja kila karatasi, karatasi tatu, kisha tukachora duara la inchi 30 kuzunguka penye mashimo mengi. Risasi zake zilikuwa na marisau kama 141 kila moja. Tulikaa kwenye nyasi na kalamu ya wino mwekundu, tukahesabu shimo kwa shimo: 88, 91, 85. Wastani 88, asilimia 62, na katikati ya kundi palikuwa palepale alipolenga, hapakuegemea kushoto wala juu. Angekuta kundi limehama kwa upana wa kiganja kwenye karatasi zote tatu, ningeurudisha mtutu kwenye mwanga na rula. Aliandika tarehe, choki na aina ya risasi kwenye pembe ya kila karatasi, akazikunja, akazitia kwenye mfuko wa bunduki pamoja na spana ndogo ya T.